Taa za Gari la Merina

Wiki ya saba tangu Merina azikwe, mdogo wake Winfrida alikuwa akiendesha gari kutoka Rusimbi kwenda Mwanga kupeleka mayai. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeshapanda na lami inameta, lakini taa za mbele zilikuwa zinawaka. Kila aliyekutana naye alimweleza hivyo kwa njia yake. Vijana wa bodaboda walifumba na kufumbua vidole. Dereva wa bajaji alimmulika mara mbili. Mama mmoja mwenye beseni la ndizi kichwani, ambaye mikono yake ilikuwa na kazi, alielekeza kidevu kwenye taa. Winfrida aliwapungia wote mkono wa asante, akaendelea na safari yake. Alikuwa anajua. Hakuna aliyemwambia jambo jipya.

Alipokuwa anapita Kasingirima, mzee mmoja aliyetaka kuvuka barabara alirudi nyuma, akasimama pembeni, akavua kofia na kuishika kifuani mpaka gari lipite. Gari linalopita mchana kweupe limewasha taa, watu hulijua: limo kwenye msafara wa kwenda kuzika, au linatoka huko. Winfrida aliinamisha kichwa kidogo, kama mfiwa anavyopokea pole, na haikumwia ajabu. Siku hizo hakuna kilichomwia ajabu.

Walizaliwa wawili tu, yeye na Merina. Merina aliolewa akaachika angali kijana, Winfrida hakuolewa. Kwa miaka kumi na tisa walikaa pamoja katika nyumba waliyoachiwa na wazazi, wakifuga kuku wa mayai uani. Merina alikuwa mtu wa nje na Winfrida mtu wa ndani. Winfrida alichanganya chakula cha kuku, akafuata siku za chanjo, akaokota mayai na kuyapanga kwenye trei. Merina aliyapakia akaenda nayo mjini, na huko akagombana na wateja, akawachekesha, akarudi na habari za kila mtu. Gari lilikuwa lake. Alilifuata mwenyewe Dar es Salaam, akaliendesha siku tatu, akaingia nalo uani huku akipiga honi, kitenge kimefungwa kichwani na nyusi zimegeuka nyekundu kwa vumbi. Mwaka uliofuata alimlazimisha Winfrida achukue leseni. Winfrida aliichukua, akaiweka kabatini.

Mwezi wa nane Merina alianguka sokoni Mwanga akiwa ameshika trei mbili. Hospitali walisema ni presha. Jioni ile ile mtu fulani alileta nyumbani mayai yaliyosalimika, yakiwa kwenye ndoo ndogo ya rangi, na Winfrida aliyapokea, akayaosha moja moja, akayafuta, akayapanga.

Hakulia. Kwenye msiba wanawake walimtazama wakisubiri, na yeye aliona kwamba wanasubiri. Alisambaza sahani, aliulizia chumvi, alihakikisha wageni kutoka Kasulu wamepata mikeka. Shangazi yao Rozalia alimvuta pembeni akamwambia alie, asijifungie, jambo kama hilo likibaki ndani humla mtu. Winfrida alimjibu kwamba atalia, kwa sauti ya mtu aliyeagizwa kitu dukani. Baada ya siku chache ndugu walianza kuondoka mmoja mmoja, turubai likafunguliwa, na uani wakabaki kuku na gari.

Taa zilianza siku ya mazishi. Oswald, binamu yao, ndiye aliyeendesha gari la Merina kwenye msafara, na katika kuwasha taa alikizungusha kile kijiti kilicho pembeni mwa usukani kwa nguvu mno, kikavunjika kwa ndani. Tangu hapo kilikuwa kinazunguka bila kushika popote. Waliporudi kutoka makaburini alizima injini, akatoa ufunguo, akafunga milango, akaenda kunawa, na taa zikabaki zinawaka. Hakuna aliyejali siku ile. Kesho yake betri ilikuwa imekufa.

Jirani yao Nehemia, mwenye bajaji, aliifungua akaipeleka kuchajiwa. Siku tatu baadaye akaipeleka tena. Mara ya tatu alimshauri Winfrida atafute fundi, naye akatafuta, kwa sababu wateja walikuwa wanauliza mayai na kuku hawakuacha kutaga. Fundi huyo, Leonardi, alisema betri ni mbovu, akaweka mpya. Taa zikabaki. Akasema basi ni relei, kile kiboksi kidogo kinachopitisha umeme kwenda kwenye taa, kwamba kimeganda, akatia nyingine. Taa zikabaki. Mwishowe alisema kijiti chenyewe lazima kiagizwe Dar es Salaam, na wakati wanasubiri, akamwonyesha Winfrida chini ya boneti fyuzi tatu, mbili nyekundu na moja ya bluu. Kila akiegesha gari azichomoe. Kila akitaka kuondoka azirudishe.

Winfrida alifanya hivyo hivyo. Kila akifika nyumbani alifungua boneti, akachomoa fyuzi tatu kwa kucha, akaziweka kwenye kikombe cha chai juu ya kabati la vyombo. Asubuhi alizirudisha kwa mpangilio ule ule. Siku moja Nehemia alimuuliza kwa nini anazirudisha na ilhali safari zake zote ni za mchana na taa hazihitaji. Winfrida alifikiri kidogo, akasema fundi alisema hivyo. Nehemia akasema sawa, mama.

Basi asubuhi hiyo ya wiki ya saba, baada ya kupita Kasingirima na yule mzee wa kofia, kabla hajaingia Mwanga alisimamishwa na askari wa barabarani. Alikuwa kijana mrefu, mwenye adabu. Alisogea dirishani taratibu, na kabla hajaomba leseni alishusha sauti.

"Shikamoo mama. Mnatoka kuzika?"

"Marahaba. Ndiyo."

"Poleni sana. Ni nani?"

"Dada yangu."

Askari alitazama nyuma ya gari, akaona barabara tupu na bodaboda mmoja kwa mbali. Aliuliza wenzake wa msafara wako wapi.

"Wamesharudi makwao," Winfrida alisema.

"Mmezika leo?"

"Mwezi wa nane."

Askari alitazama trei za mayai kwenye kiti cha nyuma, akatazama taa, akamtazama tena Winfrida usoni, akitafuta kama anataniwa. Hakuona utani. Leseni aliyonyooshewa aliirudisha kwa mikono miwili bila kuisoma, akamwambia aende, lakini atafute fundi. Winfrida alimshukuru. Aligawa mayai katika maduka manne, akarudi nyumbani, akachomoa fyuzi tatu, akaziweka kwenye kikombe.

Huenda angeendelea hivyo hadi mwaka upinduke, kama si Nehemia. Yeye ndiye aliyesikia habari za yule askari kijiweni, kwa maana zilishasambaa, na hazikumfurahisha namna zilivyokuwa zinasimuliwa. Jumamosi alikuja akamwambia Winfrida warudishe fyuzi na waende Kibirizi kwa mtu anayeitwa Jean. Hakumuuliza kama anataka. Alimwambia atatangulia na bajaji, yeye afuate.

Jean alikuwa na banda la mbao pale Kibirizi, karibu na mahali mitumbwi inapopakua dagaa. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kalemie naye akiwa mgongoni, na Kiswahili chake kilikuwa bado na ladha ya ng'ambo. Alitengeneza umeme wa chochote kilicho na waya: taa za wavuvi, redio, magari, friji ya baa ya jirani. Aliwakaribisha, akampa Winfrida kiti, na yeye akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nehemia alipomaliza kueleza habari za betri, relei na kijiti, akaaga kuwahi abiria, Jean hakushika bisibisi. Alimgeukia mwenye gari.

"Mama, wewe ndiye unaliendesha. Nieleze. Zinawaka zenyewe mchana, ao zinakataa kuzimika ukiacha gari?"

Winfrida aliuliza kuna tofauti gani.

"Ni maneno mawili. Kuwaka mchana ni neno moja. Kubaki zinawaka wakati umezima gari ni neno lingine. Watu wanayachanganya, halafu wanabadilisha betri."

Winfrida alisema ni yote mawili. Jean akaingia ndani ya gari, akakizungusha kile kijiti na kukisikiliza. Akamwita aje aone maandishi kwenye ncha yake. Palikuwa na alama ya kuzima, alama ya taa ndogo, alama ya taa kubwa, na neno AUTO. Alimweleza kwamba kimevunjika wakati swichi ya ndani iko kwenye AUTO, na huko ndiko ilikobaki, hata ukizungusha ncha siku nzima. Hiyo peke yake haina ubaya. Maana yake ni kwamba gari linaamua lenyewe. Lina jicho mbele, juu ya dashibodi; likiona giza linawasha taa, likiona mwanga linazizima. Na dereva akizima injini taa zikiwa zinawaka, gari hilo husubiri afungue mlango wake. Likijua ameshuka, linazima.

"Kwa hiyo gari lako si jinga," Jean alisema. "Linafanya linachoambiwa. Kuna kitu kinaliambia ni usiku. Na kuna kitu kinaliambia dereva bado yumo ndani."

Winfrida alikuwa amesimama na mkono mmoja juu ya mlango. Maneno hayo yalimfikia kama maneno ya redio ya chumba cha pili, yanasikika lakini si yake. Aliuliza ni kitu gani.

"Ndicho tunatafuta."

Jean aliinama juu ya dashibodi, pale inapokutana na kioo cha mbele. Kwenye ule ufa, karatasi nyeupe ilikuwa imelala chali, imekunjamana kwa jua. Aliivuta kwa waya mwembamba, polepole ili isichanike. Kwenye kona zake ilikuwa bado na vipande vya gundi ya karatasi. Ilikuwa imebandikwa kiooni siku ya mazishi, joto likalegeza gundi siku hiyo hiyo, ikateleza hadi chini na kulala juu ya kitu kidogo cheusi cha mviringo, kama nusu ya gololi. Jean aliigeuza akasoma. MSIBA. GARI NA. 2. Akaigeuza tena maandishi yaangalie chini, akaiweka kwenye kiti cha abiria.

"Pole, mama," alisema.

Alimwomba awashe gari. Taa zilikaa sekunde chache, kisha zikazimika. Jean akaweka kiganja juu ya lile jicho, zikawaka. Akakiondoa, zikazimika. Kisha akampisha Winfrida, akaenda kusimama mbele ya gari, akamwambia ajaribu mwenyewe. Winfrida aliweka kiganja. Shati la Jean likapata weupe. Akaondoa. Akaweka tena. Alifanya hivyo mara nne au tano, zaidi ya ilivyohitajika, na Jean hakumkatiza.

Likabaki lile neno la pili. Jean alimuuliza kama taa ndogo ya darini, mle ndani ya gari, huwaka akifungua mlango wake. Winfrida hakuwahi kuangalia. Walifungua mlango wa abiria, taa ya darini ikawaka. Wakafungua wa nyuma, ikawaka. Wakafunga yote, wakafungua wa dereva. Giza. Jean akaitikia kwa kichwa kwa namna ya mtu aliyekuta kitu alichokiacha. Alimwonyesha kwenye nguzo ya mlango kitufe kidogo chenye kofia ya mpira. Mlango ukifungwa unakibonyeza ndani. Ukifunguliwa kinatoka, na hapo gari linajua mlango uko wazi. Hiki kilikuwa kimezama ndani hakitoki. Kwa gari, mlango wa dereva ulikuwa haujawahi kufunguliwa.

Alifungua skrubu moja akakitoa. Kilijaa tope jekundu lililokauka, vumbi la barabara lililorowa na kukauka mara nyingi. Winfrida alilitambua. Ndilo lililokuwa kwenye nyusi za Merina. Jean alikisuuza kwa petroli, akasugua vyuma vyake kwa kipande cha msasa, akatia tone la grisi, akakirudisha. Walipofungua mlango taa ya darini iliwaka, hafifu na ya njano. Alimwonya kwamba kinaweza kuganda tena. Kikiganda, atafutiwe kingine kwenye magari yaliyokatwa, ni kitu kidogo. Na kile kijiti bado kitatakiwa kubadilishwa, maana siku ya ukungu au mvua dereva hapaswi kusubiri gari liamue.

Kisha ikabaki kuhakikisha. Jean alivua kofia yake akaifunika juu ya lile jicho ili gari lidhani ni usiku. Akamwambia Winfrida awashe, azime, ashuke. Aliwasha, taa zikawaka. Akazima injini, taa zikabaki. Akafungua mlango, zikazimika. Jean akamwambia arudie, maana kitu kinaweza kukubali mara moja kwa bahati. Akarudia, zikazimika. Akamwambia ya mwisho.

Mara hiyo Winfrida alizima injini akabaki amekaa. Mikono ilikuwa juu ya usukani. Mbele yake taa mbili zilikuwa zimeangukia ukuta wa mbao wa banda, na kwenye mbao hizo aliona kila msumari, na magamba ya dagaa yaliyonata. Gari lilikuwa kimya. Lilikuwa linamsubiri yeye. Alijua anachotakiwa kufanya, ni kitu kidogo, mkono mmoja tu. Alifikiria kwamba asubuhi ile ya mwezi wa nane Merina alishuka kwa mlango huu huu, akaufunga kwa kiuno kwa sababu mikono ilikuwa na trei.

Jean alingoja kidogo, halafu akaenda kunawa petroli mikononi kwa maji ya ndoo, akimpa mgongo. Alinawa kwa muda mrefu.

Winfrida alifungua mlango akashuka. Ukuta wa mbao ulirudi kuwa ukuta. Jean alichukua kofia yake, akauliza kama ile karatasi aitupe. Winfrida alisema hapana, akaikunja akaitia kwenye mkoba, si kwa sababu aliyoijua.

Wiki iliyofuata alipeleka mayai kama kawaida. Siku za kwanza mkono wake uliinuka wenyewe kushukuru watu ambao hawakuwa wamemwonyesha chochote. Hakuna aliyefumba vidole, hakuna aliyesimama pembeni. Watu walikatiza mbele yake bila haraka, na lori la mchanga lilimpigia honi kwa nyuma kwa kuwa alikuwa anakwenda taratibu mno. Alikuwa gari tu, miongoni mwa magari.

Alhamisi alifika kwa Bonaventura, mwenye duka Mwanga, mteja wa Merina wa miaka kumi. Mzee huyo alikuwa akimpokea tangu msiba kwa sauti ya kanisani. Siku hiyo alizifungua trei mbele yake na kuonyesha kwa kidole mayai yenye nyufa.

"Winfrida, nimenyamaza kwa ajili ya msiba. Lakini tangu mwezi wa nane mayai yananifikia yamepasuka. Merina hakuniletea hivi hata siku moja."

Winfrida alisikia uso unapata joto. Alijibu kwamba labda ni rafu yake, inakaa juani. Bonaventura alisema rafu iko pale pale tangu zamani. Winfrida akasema basi ni barabara. Mzee akasema barabara nayo ni ile ile. Ila Merina alikuwa anaweka ubao mwembamba kila baada ya trei tatu, ili za juu zisizikandamize za chini. Hakuwahi kumwona?

Hakuwahi kumwona. Yeye alipanga trei ndani, Merina alipakia nje. Alimwambia Bonaventura atamletea mengine kesho, akatoka.

Aliendesha akiwa na hasira. Hakujua aielekeze wapi, na alipopita Kasingirima alijikuta anasema kwa sauti, ndani ya gari tupu, "Ungeniambia. Kitu kidogo kama ubao, ungeniambia." Akarudia. Akaongeza na leseni, na wateja, na presha ambayo Merina alijua anayo na alikuwa akivificha vidonge vyake kwenye kopo la majani ya chai. Aliongea mpaka barabara ikaanza kumpotea machoni, ndipo akasogea pembeni, akazima injini.

Alilia hapo, si sana, kama dakika kumi, paji la uso juu ya usukani. Mtoto mmoja wa shule alichungulia dirishani akamwamkia, naye akaitikia. Kisha akajifuta kwa upindo wa khanga, akawasha gari.

Nyumbani alikuta kuku wamemaliza maji. Aliwajazia, akaenda nyuma ya banda kutafuta mbao nyembamba.